Uwanda Usio na Mtu

Luhangazi, 14 Machi 1909

Kwa mwanangu Yunusi, karani wa wapimaji, Boma la Morogoro.

Nakusalimu salamu nyingi, hesabu yake anaijua Mungu peke yake. U hali gani? Ule mguu uliomwagikiwa chai umepona? Sisi huku wazima. Mama yako ana kikohozi cha baridi ya mlimani, lakini hakimzuii kusema, kwa hiyo usiwe na hofu. Dada yako Mwaisha amejifungua salama, mtoto wa kike, na mtoto ana sauti kama ya bibi yake.

Baada ya hayo nataka kukukumbusha jambo ambalo najua hujalisahau, ila unajifanya. Mjomba wako Pazi, kaka wa mama yako, ana mwaka na miezi minne kaburini. Wazee wa ukoo wa mama yako walishasema: mrithi wa jina lake ni wewe, mtoto wa dada yake, hapana mwingine. Na desturi yao unaijua. Mwenye jina akifa, shamba kubwa la ukoo linalala. Halitiwi jembe na mtu yeyote mpaka mrithi apewe jina na apige jembe la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Masika ya mwaka jana shamba limelala. Vuli limelala. Sasa masika nyingine inabisha hodi na nyasi zimefika kifuani.

Mimi nasema haya nikiwa mtu wa pembeni. Hapa mimi ni mume tu. Ukoo wangu uko Kisosa, ng'ambo ya mto, na katika ardhi ya Luhangazi sina hata chembe. Ni yako, na ya dada yako, na ya watoto wake. Lakini mimi ndiye ninayeamka asubuhi na kuwaona wanawake wakipanda maharage kwenye vijipande vya mawe, na shamba zuri liko mbele ya macho yao, na hakuna anayethubutu kuligusa kwa heshima yako. Heshima ya mtu aliyeko mjini, amevaa viatu!

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe si mgeni, na jembe limekungoja karibu siku mia tano. Omba ruhusa ya siku nne, uje.

Barua hii anashuka nayo Dominiko wa misheni, anakwenda Morogoro kuuza kabichi. Mpe majibu mkononi.

Ni mimi baba yako,
Rehani

*

Morogoro, 2 Aprili 1909

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Rehani.

Shikamoo baba. Mpe mama shikamoo yake, na Mwaisha pongezi, na huyo mpwa wangu mumbusu kwa niaba yangu. Mguu umepona, limebaki kovu tu la kujidai nalo.

Baba, sijasahau. Kila nikilala naliona lile shamba. Lakini kazi hii sivyo mnavyoidhani. Bwana Mpimaji haendi hatua mbili bila mimi. Mimi ndiye mdomo wake na masikio yake, na daftari lake liko kwapani mwangu. Tunatengeneza ramani kubwa ya milima yote na mabonde yake, upande wetu mpaka karibu na Mikese. Kila mahali panapewa kazi yake. Msitu wa juu unapakwa kijani, hautaguswa tena na mtu. Mashamba ya wenyeji yanapakwa manjano, yatabaki yao. Na palipo wazi, pasipo mtu wala jembe, panaachwa peupe. Huko patakuwa uwanda wa serikali: hapatajengwa, hapatalimwa, patakuwa malisho, na baadaye watapewa walowezi watakaokuja. Ni kazi ya akili sana, baba. Ukiiona ramani yenyewe utasema ni kanga.

Karani akiomba ruhusa sasa, kesho anakuta mwingine amekaa kwenye kiti chake. Nivumilieni masika hii ipite. Ikipita nakuja, naapa.

Nawatumia sabuni vipande vitatu na kibaba cha chumvi nzuri.

Mwanao mtiifu,
Yunusi

*

Luhangazi, 20 Juni 1909

Kwa mwanangu Yunusi.

Salamu, na sabuni tumepata. Mama yako ameifungia sandukuni, anasema ni nzuri mno kunawia. Sisi hatujambo isipokuwa njaa ndogo, ambayo si ugonjwa.

Masika imepita, Yunusi. Wewe ndiye uliyeapa, mimi nilisoma tu.

Wanawake wa ukoo walikuja kwangu, wakakaa ukumbini. Kisha mmoja akaniuliza kama mrithi wao yu hai. Nikawaambia yu hai na anakula wali. Mama yako alicheka, halafu akaingia ndani, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Nilitaka kuchukua jembe mimi mwenyewe nikalime kamstari kamoja, lakini mimi ni nani? Mume wa watu akilima shamba lililolala, wangesema nimeiba jina la shemeji yangu marehemu.

Jingine: wiki iliyopita watu wenye mnyororo mrefu na miti yenye vitambaa walionekana bonde la pili. Wanasema walikuwa na Mzungu mwenye darubini na karani aliyevaa kofia nyekundu. Karani huyo hakuvuka mto kuja kutuamkia. Ni wewe au ni mtu mwingine mwenye haraka kama yako?

Nijibu.

Baba yako,
Rehani

*

Morogoro, 9 Agosti 1909

Kwa baba yangu.

Shikamoo. Natumaini njaa ndogo haijakua. Mimi ni mzima wa mwili.

Karani yule alikuwa mimi.

Baba, nimechelewa kuandika kwa sababu kila nilipoanza nilichana karatasi. Nisikilize mpaka mwisho ndipo unitukane. Nilipoandikwa kazi hii niliulizwa kwetu ni wapi. Nikasema ni mjini Morogoro. Walikuwa hawamtaki karani mwenye ardhi katika milima itakayopimwa, na mimi niliitaka kazi. Lilikuwa neno dogo tu. Sikujua kama litanifuata mpaka kwetu.

Siku ile tulisimama kwenye kilima upande wa pili. Bwana akatazama kwa darubini yake, akaiona Luhangazi yote kama kiganja. Vile vijipande vya mawe aliviona, akaviandikisha. Kisha akanyoosha kidole kwenye shamba la ukoo, akaniuliza, "Kule kwenye majani marefu, kunalimwa?" Nikatazama. Nikamwona mtu amesimama kando ya nyasi, na kwa alivyoshika kiuno nilimjua ni mama. Nikasema, "Hakulimwi, Bwana." Akasema andika. Nikaandika: pori wazi, hapana mtu.

Kama ningesema linalala kwa ajili ya msiba, angeuliza nimejuaje. Kama ningesema mrithi bado hajaja, angeuliza mrithi ni nani.

Sasa kwenye ramani mahali pale ni peupe. Bado haijaenda Dar es Salaam kutiwa sahihi, itakwenda kabla ya mwezi wa Oktoba. Kwa bonde letu Bwana ameagizwa atafute hekta mia tatu za uwanda wa wazi, na shamba letu na nyika iliyo chini yake ni nusu ya hizo.

Baba, nifanye nini? Usimwambie mama.

Mwanao,
Yunusi

*

Luhangazi, 21 Agosti 1909

Yunusi,

Salamu utaziona mwisho wa barua kama nitazikumbuka.

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaikunja, nikaenda kukata kuni ambazo hatuzihitaji. Nimekata mpaka mpini umeniachia malengelenge. Nimerudi, nimeisoma tena, na maneno yalikuwa yale yale.

Halikulimwa kwa sababu yako, kisha ukaandika kwamba halilimwi. Watu wamekaa na njaa kukuheshimu, na heshima yao hiyo ndiyo umeishika mkononi ukaitumia kuwanyang'anya. Mtu baki angefanya hivyo ningesema hajui. Wewe umelelewa hapa.

Mama yako sijamwambia. Na si kwa ajili yako. Sikuweza kuifungua ile sentensi mbele yake.

Sasa sikia. Kulia si kazi. Kalamu iliyoandika ni ya nani? Ni yako. Basi iandike tena. Mwambie Bwana wako ulikosea, ulipofushwa na jua, vyovyote vile. Mimi nimekaa katika ukoo wa mama yako miaka thelathini na moja. Wamenipa mke, wamenipa pa kulala, na marehemu Pazi hakunitamkia hata siku moja neno la kunidharau. Sitaki nife nikiwa baba wa mtu aliyewafukuza. Fanya ufanyavyo, lakini shamba hilo lirudi. Ufanyavyo, umesikia? Sitakuuliza njia.

Salamu nimezikumbuka. Tunakusalimu.

Baba yako

*

Morogoro, 30 Septemba 1909

Kwa baba yangu mpenzi.

Shikamoo. Natumaini mnaufunga mwezi kwa afya.

Limekwisha. Luhangazi imepakwa manjano, shamba lote na nyika yake. Nimeiona ramani ikifungwa kwenye bomba la bati na kutiwa kwenye gari moshi juzi. Ulisema hutaniuliza njia, nami nakushukuru kwa neno hilo kuliko unavyojua.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Baada ya Idi nakuja kupokea jina na kupiga jembe. Mwambie mama atoe ile sabuni sandukuni.

Mwanao,
Yunusi

*

Luhangazi, 6 Novemba 1909

Kwa Yunusi mwanangu, ambaye sasa sijui nimwiteje.

Nakuamkia kwa furaha, na natumaini mgongo umeacha kuuma. Mikono ya karani! Jembe la tano tu ulikuwa unayatazama malengelenge kama mtu aliyepata pete.

Nyumba yote bado inazungumza habari yako. Wazee walipokuvika lile shuka na kukuita Pazi, na mama yako akapiga magoti akakuita "kaka" kama desturi yao inavyotaka, nilipata kicheko nikajifanya nakohoa. Kama mke wangu anakuita kaka, basi mimi nikuite shemeji? Nikuombe tumbaku? Lakini nilipoliona jembe lako likiingia na wanawake wakishangilia wote kwa pamoja, kisha wakaingia shambani mstari mmoja kama maji yaliyofunguliwa, sikucheka tena. Nililia mbele za watu. Sikuona haya, na sioni sasa.

Mvua ya vuli imeanza siku tatu baada ya wewe kuondoka. Mahindi yametokeza. Mama yako anakwenda kuyatazama asubuhi na jioni, na akirudi ananihesabia mistari.

Jambo moja tu limenisumbua. Shangazi yako Mosi alikuwekea kuku kule Kisosa. Alivuka mto mwenyewe kuja kukuona ukipewa jina, na yeye si wa ukoo huo, alikuja kwa mapenzi tu. Akakuomba ukale kwake siku moja. Ukasema una haraka, ukaondoka alfajiri bila kumuaga. Amekula kuku peke yake. Je, alikukosea neno? Yeye ndiye aliyekubeba mgongoni ulipougua ndui. Mwandikie maneno mawili, nitamsomea.

Baba yako (na shemeji yako),
Rehani

*

Luhangazi, 12 Desemba 1909

Kwa mwanangu Yunusi.

Salamu sana. Mama yako na Mwaisha hawajambo, mahindi yanapita magoti. Ya shangazi yako hukuyajibu, lakini leo si hiyo.

Nakuandikia kwa haraka, Dominiko ananisubiri na mzigo kichwani. Juzi askari wanne walikuja Kisosa na mawe meupe ya mpaka, wakayasimika kwenye mteremko wa nyuma wote, kuanzia mtoni mpaka kwenye miamba. Wamesema ule ni uwanda wa serikali, wazi, hauna mtu. Yeyote atakayetia jembe au kujenga kibanda atafungwa.

Yunusi, wewe unaujua mteremko ule. Tumeupumzisha miaka minne ili udongo upate nguvu, na vuli hii ndiyo zamu yake kulimwa. Mashamba ya mbele yamekwisha kabisa, yanatoa mtama wa kulisha ndege. Wanawake walikuwa wamekwisha kufyeka. Dada yangu Mosi alikuwa na mbegu kwenye kikapu, kikapu kiko kichwani, askari akampokonya akazimwaga mtoni.

Safari hii nazungumza kwa ajili ya ukoo wangu mwenyewe. Mimi ndiye mjomba wa watu wale. Watoto wa dada zangu kumi na mmoja wananitazama mimi usoni. Nimewaambia: tulieni, nina mwana bomani. Aliirudisha Luhangazi, na hii atairudisha. Wametulia. Wanakutaja katika dua.

Ulivyofanya kule, fanya na huku. Haraka, mvua haimngoji mtu.

Baba yako,
Rehani

*

Luhangazi, 5 Januari 1910

Kwa mwanangu Yunusi.

Salamu. Sijapata jibu, na Dominiko anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani. Je, unaumwa?

Mvua za vuli zimekwisha. Kisosa hakuna kilichopandwa. Mosi na watoto wake wanakuja hapa kila jioni, na mama yako anawapakulia. Mahindi mabichi ya shamba lako ndiyo wanayokula. Mosi anakula kidogo, anasema ameshiba, kisha anasema, "Mungu ampe Yunusi umri, bila yeye na haya yasingekuwako."

Kama umejaribu ukashindwa, sema nimeshindwa. Hapana aibu. Mkubwa hashindwi na mdogo, na wewe kwa wakubwa wa boma ni mdogo. Lakini usininyamazie. Nakuuliza kama baba: unajua nini?

Rehani

*

Morogoro, 20 Januari 1910

Kwa baba yangu.

Shikamoo. Leo siulizi hali. Hali yenu naijua, na aliyeifanya namjua.

Mwezi wa Ramadhani nilikwenda kwa Bwana kama ulivyoniambia. Nikasema nimekosea, pale Luhangazi panalimwa, nilidanganywa na majani. Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningeshukuru. Alichukua kipimo chake, akapiga hesabu, akasema, "Basi hekta mia na hamsini zimepungua. Nionyeshe pengine katika bonde hilo hilo." Akanipa kalamu. Baba, alinipa mimi ile kalamu, akawasha kiko chake akasubiri.

Palikuwa na vijiji vingine. Kimoja jumbe wake ni rafiki wa akida, ningeulizwa. Kingine ni cha watu wa misheni, mapadre wangekuja bomani siku ya pili. Nikauona mteremko wa nyuma wa Kisosa. Nilijua mmeupumzisha. Nilijua hata ni vuli ipi mtaurudia, kwa sababu shangazi aliniambia mwenyewe. Nikajiambia, wale ni ndugu wa baba, watu wapole, hawatakwenda kushitaki. Niliwachagua kwa sababu ya upole wao. Nikachora mstari. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniamsha usingizini.

Bwana akauliza, "Pana mtu?" Nikasema hapana mtu.

Ndiyo maana sikuweza kula kuku yule.

Barua yako ya Desemba ilipofika nilikwenda mpaka mlangoni kwa Bwana nimeazimia kusema yote. Nilipofika hapo nikafikiri: nikisema nilidanganya Kisosa, atasema basi na Luhangazi ulidanganya, tutapima upya pande zote mbili, na mama atapoteza shamba lenye mahindi ndani yake. Hiyo ni kweli, baba. Lakini haikuwa hiyo peke yake. Nilifikiri pia kiti changu. Bwana akainua kichwa, akaniuliza nataka nini. Nikasema wino umekwisha.

Majuto ni mjukuu, mwasema. Wangu amezaliwa mzima na ananitazama. Nipige, nilaani, waite watu wa Kisosa uwasomee barua hii. Ukisema niache kazi niende kwao na kamba shingoni, nakwenda. Neno lolote utakaloandika nitalifanya. Ila usiniambie nimefanya ulivyoniagiza. Nalijua hilo pia, na siku zote nakataa kulifikiri.

Mwanao, kama bado,
Yunusi

*

Luhangazi, 15 Februari 1910

Kwa mwanangu Yunusi.

Salamu zangu zikufikie. Mimi si mgonjwa. Mama yako mzima, kikohozi kimekwisha.

Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Siku tatu za kwanza nilikuwa na hasira nawe. Siku zilizobaki nilikuwa nikiitafuta kichwani barua yangu mimi, ile ya mwezi wa Agosti, maana nilitaka kujua niliandika nini hasa. Nilikumbuka nimeandika "fanya ufanyavyo". Nilikumbuka na lile neno la kwamba sitakuuliza njia. Niliona ni neno la kiume sana nilipoliandika. Wewe umeniomba nisikuambie, basi sikuambii, lakini mimi nimejiambia.

Watu wa Kisosa walikaa kikao Ijumaa iliyopita. Walikubaliana kwamba pale hapakaliki tena: mbele udongo umekufa, nyuma mawe ya serikali. Jumbe mmoja wa upande wa Turiani amewapa pori, mbali, tambarare, kwenye mbu. Kisha Mosi akasimama akasema, "Kabla hatujaondoka, tumwandikie Yunusi mara moja zaidi. Labda barua zilipotea." Wote wakanigeukia. Barua yako ilikuwa ndani ya kanzu yangu, hapa kifuani.

Nikawaambia: Yunusi alijaribu kwa nguvu zake zote, akashindwa, na karibu afukuzwe kazi kwa ajili yenu. Sijapata kusema uongo mbele ya kikao maishani mwangu. Walikushukuru. Mosi alikuombea dua, na mimi nikaitikia amina.

Tunaondoka Jumatatu. Nasema tunaondoka, kwa sababu na mimi nakwenda. Mjomba hawezi kubaki akila shibe ng'ambo ya mto na watu wake wanafyeka pori bila mwanamume mzima wa kuwaonyesha mahali pa kuanzia. Nilimwomba mama yako tufuatane. Akafikiri usiku na mchana. Akasema hawezi kuliacha shamba la jina la kaka yake sasa ambapo limeamka, na watoto wa Mwaisha wanalitegemea. Ana haki. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo. Hatukugombana. Jana alinishonea mfuko wa mbegu, akaujaza mahindi yenu, na mkono wake ukawa unarudi rudi kwenye kile kifundo kama hakikazi. Miaka thelathini na moja, Yunusi, na hatujui kuagana, hatukujifunza.

Hajui sababu. Anadhani ni serikali tu, kama mvua ya mawe. Usimwambie kamwe. Namjua: akijua mahindi yale yametoka wapi, hatatia punje mdomoni, na atakufa na njaa katikati ya shamba lililojaa. Kwa hiyo barua yako nimeichoma, na hii ukisha kuisoma ichome. Wewe ukae nalo. Usiache kazi, ukiacha, mwingine atakayeshika kalamu hiyo hatamjua mtu yeyote bondeni. Lakini kila unapoulizwa kama pana mtu, vuka mto kwanza ukatazame.

Kulaani sikulaani. Nilijaribu siku ya pili, nikiwa peke yangu msituni, na haikutoka.

Kila vuli uje umlimie mama yako mistari ya mwanzo, ni wajibu wa jina ulilopewa, na asikuone una huzuni. Turiani usinifuate. Si kwamba sitaki kukuona. Ukija, Mosi na watoto wale kumi na mmoja watakimbia kukupokea, watakutandikia mkeka, watakuchinjia kuku wao wa mwisho, na mimi sitaweza kusimama pale nikatazama.

Baba yako,
Rehani